Mama Poni Anastaafu kwa Mara ya Nne

Leo Jumamosi, tarehe 17 Desemba 1994, Mama Mariam Poni anastaafu kazi ya kukata na kubuni mavazi, baada ya utumishi wa miaka kumi na mitano tangu alipoweka cherehani yake sokoni Ariwara, ng'ambo ya mpaka. Wageni waliotoka Koboko, Ludara na Ayivu wasishangae wakituona sisi wenyeji wa Arua tumetulia sana. Mama Poni ameshastaafu mara tatu. Tumezoea. Wanaokumbuka watakubali kwamba pilau ya mara ya kwanza ilikuwa na nyama zaidi.

Mama Poni alizaliwa Ludara, akaolewa na Mzee Sule, ambaye wakati huo alikuwa dereva wa lori la jeshi. Kushona alijifunza kambini, kwa wake wa askari, ambao kwa muda mrefu walimpa kola tu. Mikono walishona wao, mifuko walishona wao, kola walimwachia Mariam. Ndiyo maana hata leo ukivaa shati la Mama Poni shingo yako inasimama yenyewe, hata kama mambo yako mengine yamelala.

Mwaka 1979 vita vilipofika, watu wa Koboko wakakimbilia Congo. Kila mmoja alibeba alichoona kina maana. Mama Poni alijitwika cherehani. Mzee Sule analo lalamiko lake juu ya siku hiyo na hachoki kulitoa, hivyo ni afadhali tuliandike hapa ili leo apumzike: "Cherehani alibeba kichwani, kama mtoto wa mfalme. Mimi aliniambia neno moja tu, 'Fuata.'" Alifuata, na anafuata mpaka leo.

Ariwara hapakuwa na kitambaa, lakini palikuwa na magwanda ya askari. Mwaka ule hakuna mwanamume aliyetaka kuonekana nayo. Waliyatupa porini, Mama Poni akayaokota, akayachemsha na magome ya miti mpaka ile rangi ikakimbia nayo, kisha akashona kaptula za watoto. Nusu ya watoto wa Koboko walikulia ukimbizini ndani ya kaptula zenye mifuko mingi kuliko vitu vya kutia. Hapo ndipo alipomkuta Alphonsine, binti wa Ariwara, aliyekuwa akiuza vifungo kwenye meza ya jirani. Alphonsine alikuja kuazima sindano asubuhi moja. Hajaondoka. Sindano pia tunayo.

Walirudi mwaka 1986, kwanza Koboko, kisha Arua mwaka 1988, ndipo karakana yetu hii ya karibu na soko ikaanza. Tuko mafundi sita, wote akina mama, na wote tulifundishwa kila kitu isipokuwa kukata. Kukata ni kwa Mama. Mkasi wake mweusi unalala ndani ya mkoba wake, na mkoba unalala chini ya mto wake.

Kwa wasiojua namna anavyofanya kazi, Mama Poni hapimi. Futi ipo, imetundikwa ukutani kama picha ya ndugu aliyekwenda mbali asiandike. Mteja akiingia, Mama humwambia, "Enda mpaka barabara, rudi." Humtazama akienda, humtazama akirudi, kisha hutandaza kitambaa na kukata, bila chaki, bila kurudia. Na nguo inakaa! Inakaa mwilini kana kwamba mtu alizaliwa nayo. Hicho kipande cha kutoka mlangoni kwetu mpaka barabarani kimeona madaha mengi. Wapo wanawake wa mji huu ambao hawajawahi kutembea vizuri siku yoyote ila siku ya kushonesha kwa Poni. Wapo na wanaume, tena watu wazima wenye vyeo, waliotembea hapo wakashindwa hata kujua mikono waiweke wapi.

Sifa zilienea. Mwaka 1991 akashinda maonyesho ya mavazi hapa mjini, akahojiwa redioni, akaanza kuitwa mbunifu mashuhuri wa mitindo. Jina hilo alilipokea kama mtu anayepewa mtoto wa jirani ashike. "Mimi iko fundi," alisema. "Hiyo ingine iko ya nini?" Mwaka 1992 akastaafu mara ya kwanza, tukala ile pilau, na Jumatatu tukamkuta mlangoni kabla yetu, amekasirika kwamba tumechelewa.

Sasa tuje kwenye filamu, maana wengi mmekuja kwa ajili yake.

Mwaka 1993 alifika Bwana Ocama kutoka Kampala, kijana mwenye adabu, mwenye kamera, na mwenye taa moja kubwa iliyofanya karakana iwe jangwa. Alitumwa kutengeneza filamu ya maisha ya Mama, nayo ikaitwa Mkasi Usiochoka. Alimwomba Mama alie kidogo akikumbuka mwaka wa kukimbia. Mama akamjibu bila kuinua kichwa, "Mwaka ile tulilia bure, hakuna mutu alipiga picha. Leo ngoja kwanza nimalize hii koti." Kulia hakukuonekana katika filamu. Koti limeonekana.

Filamu nayo, kama mjuavyo, inataka mwisho. Bwana Ocama akaeleza kwamba mbunifu mashuhuri lazima aweke mkasi mezani na kutoka mlangoni jua likizama. Mama akastaafu mara ya pili, kwa heshima ya kamera. Alitoka mlangoni. Jua halikukaa sawasawa, akatolewa tena. Alipotoka mara ya mwisho, Ocama akiwa bado anafuta machozi yake mwenyewe, Mama alizunguka nyuma ya nyumba, akaingia kwa mlango wa uani, akauchukua mkasi akaendelea na koti. Hilo nalo halimo katika filamu.

Lakini jambo kubwa la filamu ni lile gauni la kitenge cha njano. Mmeona wote: Mama anafumba macho nusu, mkasi unapita, na sauti ya msimulizi inasema kwamba huyu mama hakati kwa macho ya kichwa, anakata kwa macho ya moyo. Ni maneno mazuri. Sisi tuliokuwa tumesimama nyuma ya kamera tuliyaona matokeo. Gauni lile lilitoka na mikono miwili ya kushoto.

Tulisema ni taa. Kila mtu alisema ni taa. Alphonsine akaingiza kipande cha hariri nyekundu chini ya kwapa la kulia ili mkono ukubali kugeuka, tukapiga pasi, tukanyamaza, na Mama hakuulizwa. Basi filamu ilipoonyeshwa katika kibanda cha video, wanawake waliona kile kipande chekundu, na wiki iliyofuata walijaa mlangoni kwetu wakitaka "mkono wa filamu". Tulishona mkono wa filamu mwaka mzima. Mama alipoukata sawa, tuliuharibu kwa makusudi ili tupate kuutengeneza. Wakiuliza maana yake, tulisema ni mtindo.

Taa ya Ocama ilirudi Kampala, ila mikono ya kushoto ikaendelea. Mwezi wa tatu mwaka huu mtoto wa kiume wa Mama alimpeleka kwa daktari wa macho, akaambiwa ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba ni jambo la kupasuliwa, si la kuogopa. Siku hiyo Mama alistaafu mara ya tatu, akaenda Koboko kukaa nyumbani na kungoja kupasuliwa. Siku ya soko tukamwona anashuka kwenye lori na kuku wawili. "Nimekuja tu kuwasalimu," akasema, na mkono wake tayari ulikuwa ndani ya mkoba. Tangu hapo daktari amemngoja, na kila mara jibu ni moja: kuna nguo za watu.

Mtasema, kwa nini hamkumwambia? Mwambie wewe. Mwambie mwanamke aliyevalisha Koboko nzima nje ya nchi kwa magwanda ya kuokota kwamba akae chini. Tulinyamaza kwa upendo, tukarekebisha kwa upendo, na upendo huo ukawa unampofusha zaidi kuliko ugonjwa.

Mwezi wa kumi akaja Viktoria, bibi harusi. Kwa desturi bibi harusi haji kwa fundi peke yake, huja na shangazi yake, na shangazi huyu, Mama Elena, ni mwanamke mwenye mwili wa heshima. Mama Poni akasema, "Enda mpaka barabara, rudi." Viktoria ni msichana wa aibu. Akaenda, na shangazi akaenda naye, bega kwa bega, wakarudi. Mama akatazama vizuri sana. Akakata.

Gauni jeupe lilipokamilika, tulilitundika tukalitazama. Lilikuwa gauni zuri kuliko yote yaliyowahi kutoka mkononi mwa Mama Poni. Wangeingia akina Viktoria wawili ndani yake na bado mmoja angekosa mtu wa karibu wa kuongea naye. Gauni kubwa hupunguzwa, sisi sote tunajua hivyo, na tulikuwa tumeshika pini tayari. Ila Mama Elena alitaka kulijaribu kidogo tu, aone. Akalivaa. Likamkaa pale pale, kola imesimama. Akajitazama kwenye kioo muda mrefu, kisha akasema polepole, "Mimi niliolewa mwaka ya kukimbia. Sikuvaa kitu." Halafu akageuka, akatuambia kwa sauti nyingine, "Hii haitoki mwilini yangu. Tafutia huyu mtoto ingine."

Nani angemvua?

Alphonsine akapanda baiskeli ya mtu kwenda Ariwara kutafuta kitambaa kingine, na kwa vile Mama alikuwa amekwenda Koboko msibani, mtu mmoja hapa karakanani akateremsha futi ukutani, akaipangusa vumbi, akampima Viktoria, akakata, mtoto wake mchanga akiwa mgongoni na mkasi wa jikoni mkononi. Harusi ilifungwa. Waliohudhuria wanakumbuka kwamba palikuwa na magauni meupe mawili na kwamba shangazi alicheza zaidi.

Mama aliporudi alikuta kipande cha mkono kilichobaki mezani. Akakishika. Akapitisha kidole kwenye ukingo, taratibu, mpaka mwisho.

"Nani alikata hii?"

Tukatazama chini. Alphonsine akasema, "Mutu moja tu, Mama."

"Huyo mutu alipima?"

"Alipima."

"Ndiyo maana inaogopa-ogopa hapa kwa kona." Akakirudisha mezani. "Lakini iko sawa. Iko mkono ya kulia." Akakaa. Kisha akatucheka, wote sita. "Mlidhani mimi sijui? Ile ya filamu, mikono mbili ya kushoto. Mlificha vibaya. Hariri na kitenge haziendi pamoja, mtoto mdogo anajua. Nilingoja nione mutu gani kati yenu atakuja kuniambia. Nilingoja sana."

Mtoto mgongoni mwangu ndiye aliyelia kwa niaba yetu.

Kwa hiyo, Mama, leo tunakwambia, tena mbele ya watu, maana ukiwa peke yako husikii. Ratiba mliyoshika mikononi ina mambo machache: dua ya sheikhe, sala ya mwalimu wa kanisa, chakula, filamu. Katikati, kabla ya chakula, imeandikwa: Mama Poni anakabidhi mkasi. Imeshapigwa chapa. Karatasi ziko kwa watu wote na Mzee Sule amepewa mbili. Chakula hakitatolewa kabla ya hapo, na wageni wametoka mbali. Jumatatu hutakuja hapa. Jumatatu ni siku ya daktari, Alphonsine atakusindikiza, na akikupoteza njiani asirudi.

Tunajua kwamba macho yakipona utaona vizuri namna tunavyokata, na hapo Mungu atusaidie. Njoo tu. Kiti chako kitakuwa karibu na mlango, pale penye mwanga, panapoonekana barabara yote. Utatazama watu wakienda na kurudi, utasema makosa yetu, tutayasikia. Meza tu ndiyo hutaisogelea.

Asante kwa kola. Asante kwa kaptula, maana mimi ni mmoja wa watoto waliozivaa, na mifuko ile nilitia mawe ili isikae bure. Asante kwa kutufundisha kila kitu isipokuwa hicho kimoja, tukakiiba.

Jambo la mwisho. Gauni ulilovaa leo, Mama, uliambiwa ni zawadi kutoka dukani. Si kweli. Juzi tulikutuma ukamwite muuza chai upande wa pili wa barabara, ukaenda, ukarudi ukilalamika kwamba chai yenyewe ilikuwa imeshaagizwa. Ulitembea peke yako, bila shangazi. Futi ilibaki ukutani; tulikutazama tu, tukakata. Gusa mabega yako, Mama. Kushoto, kisha kulia.

Kaa kwa amani, uone wajukuu zako kwa sura, si kwa sauti.

Kwa niaba ya mafundi wote,
Paska Candiru