Sanduku la Springi la Ferdie Tulloch

Novlette, funga mlango huo, na wewe Garnet kaa hapa miguuni pangu, simu itie mfukoni. Sijui daktari amewaambia siku ngapi, lakini pumzi ni zangu na nazijua: zilizobaki ni chache. Gari limeshaondoka kwenda Old Harbour kumchukua Bi Icilda, nami nina maneno ambayo lazima yatoke kabla hajashuka hapo getini. Nikinyamaza katikati msinitikise. Ngojeni, nitarudi. Nisiporudi, mengine mtayamaliza wenyewe.

Ya mali hayana marefu. Nyumba ni ya Novlette, maana ndiye aliyenifulia mashuka miaka hii miwili bila kununa. Karakana na vyombo vyake vyote ni vya Garnet. Mshelisheli ulio katikati ya ua ni wenu wote wawili, na atakayeukata ili mwenzake akose, laana yake iko juu yake, si juu yangu.

Sasa nisikilizeni vizuri. Jana mlimwona Lumsden, yule mnunuzi wa mitambo ya zamani. Alileta supu ya kuku na chupa ya ramu nyeupe, akanishika mkono akaniita baba, na wewe Novlette ukafurahi ukasema bado watu wema wapo Kingston. Mimi nilimtazama macho, binti yangu. Aliushika mkono wangu huku akiitazama rafu. Nikifa, huyo ndiye atakayekuwa wa kwanza kufika. Atabeba viti, atakaanga samaki, atapiga dhumna mezani mpaka glasi ziruke, ataimba tenzi kuwashinda walokole, na kabla ya usiku wa tisa wa matanga atamvuta Garnet pembeni amwambie hivi vyuma vimekufa, kijana wangu, ngoja nikuondolee takataka. Ninayajua maneno yake kwa sababu ni yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha.

Ndiyo, mimi. Mlidhani Lascelles Pinnock, baba yenu, alipata wapi mitambo yote ile ya kurekodia muziki, fundi asiye na kitu? Nilikuwa nikisoma matangazo ya vifo gazetini kama watu wengine wanavyosoma ya mpira. Nilijua kanisa gani limeletewa kinanda kipya na cha zamani wamekitupa stoo, nilijua mpiga gitaa gani ameokoka na anaona aibu kukaa na amplifaya ndani. Naenda na nguo chakavu, siulizi bei, naomba maji ya kunywa. Garnet, mengine ya hayo ni halali na uyashike, akili ni mali. Usinunue kitu ambacho hujakisikia kikilia. Sanduku la mwangwi, lile la springi linalorudisha sauti, likiwa kimya kabisa, usilikimbie, fungua uangalie zile nyaya nyembamba kama unywele pale springi zinapoishia, mara nyingi mmoja umekatika na lehemu tone moja inamaliza kazi. Springi zikiwa na kutu nyingi au mtu amezivuta zikalegea, liache hata kama wanakupa bure, rahisi huvunja upishi. Na likinguruma mfululizo, usiseme limeharibika. Sanduku lile lina upande wa kuingilia sauti na upande wa kutokea, na upande wa kutokea ukiukaribisha na transfoma ya amplifaya, unanasa mngurumo wake wote. Ligeuze tu, au lisogeze mbali, litanyamaza. Mtoto anaweza kulifanya hilo.

Novlette, nipe maji. Kidogo. Basi.

Hilo la kugeuza ndilo linaloniua, wala si mapafu.

Ferdie Tulloch mnamjua kwa jina tu. Alikuwa rafiki yangu kuliko ndugu wa damu. Alikwenda Florida kukata miwa misimu miwili, akarudi na kidole kimoja pungufu na lile sanduku jeusi mnaloliona siku hizi pale juu ya rafu, alilonunua kwenye duka la rehani na kulifunga ndani ya nguo zake za shamba ili lisigongwe njiani. Kisiwa hiki wakati ule hakikuwa na jingine linalolia vile. Ukipitisha ngoma humo inarudi kama imepigwa ndani ya kisima, inazunguka, inakwenda, inarudi tena. Mimi nilikuwa nikikaa kwake jioni nikilisikiliza mpaka chakula kinapoa. Nilimwomba aniuzie, akacheka. Nikamwomba aniazime, akaniambia, "Lascelles, hilo ni kidole changu." Tangu siku hiyo nikawa naye kwa meno tu, moyo ulishageuka.

Akafa Februari, moyo ulisimama akiwa anavaa viatu. Tulimkesha siku zote tisa kama inavyotakiwa. Usiku wa tisa, kama mjuavyo, chumba cha marehemu hupanguliwa. Kitanda hugeuzwa, kabati huhamishwa, kioo hutolewa, ili mzuka wake akija asikitambue chumba, aone kwamba hapa si kwake tena, aende zake. Walioingia kuhamisha vitu tulikuwa watatu, na wawili walikuwa wamelewa. Mimi sikuonja hata tone. Mitambo yake ilikuwa imewashwa kwa ajili ya kipaza sauti cha nyimbo. Sanduku lilikuwa rafu ya mbali, mahali pake salama. Nililishusha, nikaliweka ubavuni mwa amplifaya, upande wa kutokea umebanwa kwenye transfoma, nikapandisha sauti kidogo tu, nikafunika kitambaa juu ya taa nyekundu ya amplifaya, isionekane kuwa imewashwa. Kisha nikaaga kama wengine.

Sakafu ya nyumba yao ilikuwa ya mbao. Mnajua springi zikitikiswa zinavyofanya. Kila mkewe Icilda, mama wa watu, alipokanyaga ubao, sanduku lilijibu kwa radi ya mbali, na aliposimama, likabaki linanguruma polepole, mpaka kukacha.

Asubuhi alikuja kwangu bila kiatu. Akaniambia, "Lascelles, Ferdie hajaondoka. Yumo ndani ya lile sanduku. Nikitembea, ananijibu." Wanangu, nilikuwa na nafasi ya kusema hapo. Kulikuwa na nusu dakika nzima ya kusema. Nikamwambia, "Dada, niuzie mimi, nikuondolee nyumbani, upate kulala." Nikampa dola sitini na mfuko wa mchele. Alipokuwa akinikabidhi alilifunga kwa shuka yao ya kitandani, akasema nisimtupe, nimweke mahali pakavu.

Usilie, Novlette. Bado sijafika pabaya.

Mnakumbuka kila Februari Bi Icilda alivyokuwa akija hapa? Nyinyi mlikuwa mkifurahia mkate wake wa zabibu na jibini. Mlidhani anakuja kunisalimia mimi. Alikuwa anakuja kwa mumewe. Anaingia karakana, anaweka kiganja juu ya kifuniko, anamweleza habari za mwaka mzima, bomba limepasuka, mtoto wa dada yake amefaulu. Mwaka wa kwanza niliogopa atalidai. Kwa hiyo kabla hajaingia nililisogeza kwenye transfoma. Likanguruma. Akapiga magoti akasema, "Amenisikia." Na mwaka wa pili nikafanya tena. Na wa tatu. Nikaacha mwaka wa tisa kwa sababu niliona haya, yeye akadhani Ferdie amekasirika, akaenda kwa mchungaji kuungama dhambi ambazo hakuzitenda. Amekataa wanaume wawili wazuri, mmoja mwalimu, kwa kuwa mumewe yumo rafuni kwangu anasikiliza. Miaka thelathini na minne. Nyimbo zilizotoka humo ndizo zilizowasomesha, ndizo zilizojenga chumba hiki ninachofia. Mficha maradhi kilio humuumbua, na kilio changu kipo mlangoni.

Garnet, inua uso. Najua Lumsden ameshakupigia. Najua kuna mzungu wa ng'ambo anayelitaka sanduku hilo, na bei aliyotaja inatosha kumaliza paa na kununua gari juu yake. Sikukasirikii. Damu yangu hiyo, ningeshangaa usingesikiliza. Lakini halitoki hapa isipokuwa mikononi mwa Bi Icilda. Akitaka kuliuza, wewe ndiye utakayemsimamia, bei yote kamili, usichukue hata nauli, na Lumsden asijue saa wala mahali. Akitaka kulichoma moto, umletee kiberiti.

Ila kwanza aambiwe. Nimeshawaza usiku na mchana, labda nimwache hivyo hivyo, mzee wa miaka themanini kasoro, kwa nini nimuue mumewe mara ya pili. Hilo nalo ni neno la mnunuzi, wanangu, anayetaka kuondoka na kitu bila kulipa. Aambiwe. Nikiwa hai nitamwambia mimi. Asipowahi, utamwambia wewe, Garnet, na usimwambie kwa maneno matupu. Fungua kifuniko mbele yake. Mwonyeshe springi tatu na nyaya zake. Liwashe, lisogeze kwenye transfoma lingurume, kisha ligeuze linyamaze, halafu mpe ageuze kwa mkono wake mwenyewe. Akikupiga, simama upigwe. Akinitukana mbele ya maiti yangu, Novlette, usimnyamazishe.

Gari hilo? Si gari. Basi nasikia vibaya.

Usiku wa tisa pangueni chumba kama desturi, lakini kazi hiyo mfanye ninyi wawili peke yenu, milango wazi, taa zote zinawaka. Nizikeni na shati la buluu. Mungu awape mikono safi kuliko yangu. Awape usingizi. Novlette, upate mtu wa kukufulia na wewe. Garnet, sikio lako liwe zuri na... na moyo uwe mzuri kulizidi. Nimewasamehe yote, hata yale ya mwaka wa kimbunga. Nisameheni.

Sogeeni. Sauti haitoki.

Akija akanikuta nimekwenda, ataweka kiganja kwenye kifuniko aniombee akidhani na mimi nimo humo, mimi na Ferdie pamoja. Msimwache afanye hivyo. Mimi sitakuwamo. Ferdie hayumo, hajawahi kuwamo. Miaka yote hii nilimwambia mkewe yumo sandukuni, na leo, wanangu, natamani ingekuwa kweli. Kwa maana kama hayumo humo, basi yuko huko ninakokwenda. Amekaa ananingoja.

Novlette, usiuachie mkono.