Baba Anausia Akiwa Chooni

Sogeeni, wanangu, sogeeni karibu, na wewe Mkubwa zima hiyo redio, maana ninayotaka kuyasema leo siyarudii, na si kwa ukali, ni kwa sababu ile dawa ya kusafisha tumbo niliyopewa na daktari nimeshaimaliza jagi zima, na sijui kama itaniachia nafasi ya kufika mwisho wa maneno yangu. Kesho asubuhi naingia tena kwenye kisu. Pale waliponishona mara ya kwanza pamebana, chakula kinapita kwa kusukumana kama watu kwenye mlango wa benki, na daktari anasema atapafungua apashone upya. Kisha akasema kwamba mtu wa umri wangu akilazwa usingizi ule wa dawa, mara nyingi huamka. Alisema "mara nyingi" huku anaangalia viatu vyake, nami nikamwelewa. Basi huu ni wosia. Mama yenu anajua, ndiyo maana tangu mmeingia anakunja shuka lile lile.

Nianze na nyumba, kwa sababu wewe wa kati naona unaikagua dari. Nyumba ni ya mama yenu mpaka atakapoondoka mwenyewe, baada yake ni yenu watatu, na asije mtu akaweka ukuta katikati au akaniletea fundi wa kupima kwa kamba. Chumba cha mbele kipangisheni mkitaka. Lakini hiki choo cha ubavuni mwa chumba changu, nilichokijenga nilipotoka hospitali mkaninunia mwezi mzima mkisema mzee kachanganyikiwa, chumba cha kulala na choo vinagusana, harufu je, hiki kisipangishwe, kisigeuzwe stoo, msiniwekee humo magunia wala baiskeli mbovu. Mimi choo hiki kimenitunzia heshima kuliko nyinyi nyote. Usicheke, Kitinda mimba. Cheka, lakini sikiliza.

Mnanikumbuka nilivyokuwa kazini. Kazi yangu mahakamani ilikuwa kutangulia kuingia, kunyoosha koti na kusema neno moja, "Simameni!", na chumba kizima kinasimama, mawakili na mafaili yao, askari, washtakiwa, hata nzi naamini walisimama. Miaka yote ile hakuna aliyenibishia. Sasa nilipotoka hospitali na utumbo pungufu nikakuta nimepata hakimu wa kwangu peke yangu, anakaa hapa chini ya kitovu, hana joho, hana karani, na hajui kuahirisha kesi. Akisema simama, nasimama. Kijiko kiko mdomoni, nasimama. Mgeni yuko katikati ya habari ya msiba wake, nasimama, naye anadhani nimeguswa sana. Juma la kwanza mama yenu alinipikia maharage kwa mapenzi, tumbo likaunguruma mpaka jirani akatoka nje kuangalia kama mvua inakuja akaanua nguo zake. Na wewe wa kati, Mungu akulipe kwa nia yako, uliniletea dawa zako za kwenye simu, mara mbegu za kulowekwa, mara tangawizi, mara juisi ya kabichi mbichi. Kabichi mbichi, mwanangu! Juisi ile iliniendesha siku mbili, nikawa nasalimiana na watu wa nyumba hii kwa kupungiana mikono tu nikipita.

Ngojeni. Nipisheni. Nipisheni kwanza, mama yenu nishike mkono, hapana, niache, utanichelewesha.

Msitawanyike! Naendelea humu humu, mlango wenyewe ni mbao nyembamba. Mnanisikia? Sogeeni. Siyo karibu hivyo.

Nataka kusema habari ya fundi kufuli, baba mkwe wako wewe Kitinda mimba, maana najua mnajiuliza ilikuwaje nikamchukia mtu kiasi kile halafu leo ndiye ninayetembea naye kila jioni. Siku alipoleta posa alikaribishwa vizuri, akavua kofia, lakini kabla hajakaa akakiinamia kitasa chetu cha mlango wa mbele, akakizungusha, akacheka puani, akasema, "Mkwe, hiki mwizi hahitaji kukivunja, anakiomba tu." Mbele ya wazee wangu! Mbele ya majirani! Nikakata kauli kwamba binti nitatoa, kwa sababu kijana hana kosa, lakini baba yake sitamsemesha tena. Na sikumsemesha. Katika maandalizi yote ya harusi tulikuwa tunaongea kupitia mama yenu, yeye yuko hapa, mimi niko hapa, mama yenu katikati anatafsiri Kiswahili kwa Kiswahili.

Harusi ikafika kidonda changu kikiwa bado kibichi. Nikajinyima tangu asubuhi, nikajua nimemshinda yule hakimu. Lakini ukumbini pilau ikanukia, nikaonja. Nikaonja tena. Mnakumbuka nilipoitwa kutoa nasaha za baba, nikashika kipaza sauti, nikasema, "Ndugu zangu, ndoa ni," kisha nikanyamaza. Watu wakadhani nimezidiwa na machozi, shangazi yenu akaanza kulia kabisa. Wanangu, sikuzidiwa na machozi. Kijasho chembamba kilikuwa kinanitoka mpaka kwenye soksi. Nikamkabidhi kipaza sauti mtu wa karibu, sijui alikuwa nani, nasikia alikuwa mpiga picha na akatoa nasaha nzuri tu, nikaondoka kwa hatua zile za bwana harusi, polepole, magoti yamegusana, nikavuka ukumbi, nikapita jikoni, nikafika mlango wa choo. Umefungwa. Mlinzi wa ukumbi kaondoka na funguo.

Nikaegemeza paji la uso kwenye ule mlango. Nilisimamisha vyumba vizima mimi, lakini pale nilikuwa namwomba Mungu kama mtoto, nisiaibike siku ya binti yangu, nikiwa na suti ya kijivu. Ndipo nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Fundi kufuli. Hakuniuliza kitu. Alinitazama mara moja tu, nilivyosimama, akavuta pini kutoka kwenye kilemba cha mama mmoja aliyekuwa anapita, akapiga goti, kitasa kikasema tik. Akasema, "Ingia, mkwe. Mimi nimesimama hapa, hapiti mtu." Nikaingia. Na nilikaa humo muda mrefu, wanangu, na kila aliyekuja nilimsikia akimwambia kwamba choo kimeharibika, kuna fundi ndani. Mimi ndiye fundi!

Nilipotoka akanipa maji ya kunawa, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Walikukata upande gani?" Akafunua shati. Mshono wake ulikuwa mrefu kuliko wangu. Kumbe kwa miaka mingi alikuwa na hakimu wake na hakumwambia mtu, hata mkewe alikuwa anamwambia ni vidonda vya tumbo. Tulisimama kwenye ujia ule wa jikoni tumefunua mashati kama watoto wanaolinganisha vitovu, tukacheka mpaka nikaogopa nyuzi zangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kula upya. Kidogo kidogo, mara nyingi, usiku tumbo liwe jepesi. Wali mweupe, ndizi mbivu, yai la kuchemsha. Tafuna mpaka chakula kisahau kilikuwa nini. Maji kunywa, lakini si ya kusukumia tonge. Na baada ya kula tembea, ila tembea njia unayojua vyoo vyake. Jioni zetu tunazunguka posta, benki na ofisi ya maji, watu wanadhani ni wazee wanafuatilia pensheni.

Haya, natoka. Nipeni mkono. Na kiti, leteni kiti, siwezi kufika kitandani.

Sasa Mkubwa. Usiangalie mlango, mwanangu, nakusema wewe. Kitanda changu kimepakana na choo hiki, na mtu akishaishi na tumbo kama langu masikio yake yanakuwa ya daktari. Nakusikia unapoingia. Nasikia unavyofungua bomba mpaka mwisho ili tusisikie unavyougulia, na bomba linamwagika mpaka mama yenu analalamikia bili. Unaendesha lori toka kunapambazuka, unarudi unasema umeshiba na hujala, umefunga mkanda kwenye tundu jipya ulilotoboa kwa msumari. Na juzi ulidhani maji yameondoa kila kitu. Hayakuondoa. Niliona damu, Mkubwa. Nilikaa pale pembeni ya bakuli la choo mimi mzee mzima nikalia, halafu nikavuta maji mara ya pili ili mama yako asione.

Mimi nilikwenda hospitali kwa sababu mama yenu alinishika ukosi wa shati akanipakia kwenye teksi. Kwako sina nguvu hizo tena, nina mdomo tu. Sikupi shamba wala koti la mahakamani kwa sharti hili, vyote nimekupa tayari. Nakuomba. Kesho mkinipeleka, usinisindikize kama mgeni. Jiandikishe. Mwambie daktari kila kitu, mwambie na rangi yake. Ukiona haya, mwangalie viatu kama yeye anavyoangalia vyake, lakini sema.

Unasemaje? Sema kwa sauti, hapa si mahakamani.

Haya. Mmesikia wote. Mama yenu, umesikia? Liache hilo shuka sasa, limeshakuwa dogo kama leso. Mshike mwanao.

Nimechoka. Hapana, sitaki uji, wamekataza. Niacheni nimalizie. Wa kati, wewe nakuachia kumtunza mama yako, una moyo wa kuhangaika, ila kabichi... kabichi iache. Kitinda mimba, baba mkwe wako atakuja alfajiri na gari lake, mfungulie, na akicheka kitasa, mwache acheke. Msigombane kwa ajili ya sahani wala vitanda. Mkikosana mkae mle chakula pamoja, kidogo kidogo. Mungu awape chakula, wanangu, na awape pa kukipeleka. Awape ndoa zenye masikio. Mimi nimewaridhia, kila mmoja, hata... hata pale mliponinunia.

Jambo la mwisho. Inama, Mkubwa, sauti inakwisha. Nikitolewa kule ndani nitakuwa nimelala tu, macho hata yakifunguka msiyaamini, maana dawa ile inafungua macho ya mtu ambaye hayupo. Daktari atapita akiuliza swali moja. Mzee ametoa hewa? Hawaulizi kingine, utumbo ukiamka ndiyo mtu kaamka. Basi kaeni hapo kitandani. Msiongee sana. Sikilizeni. Na mkiisikia... hata iwe nyembamba vipi... jueni ni baba yenu anawaita. Msikimbilie dirisha.

Pigeni makofi kwanza.