Sheria Haina Shemeji: Tunamuaga Bi Chungulia

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukagua maombi ya hataza, Bi Chungulia anastaafu tarehe thelathini ya mwezi huu. Mkuu wa idara aliniomba niandike wasifu wake kwa kuwa meza zetu zimepakana muda wote huo, na akasema mimi ndiye ninayemfahamu zaidi. Alikuwa na adabu. Angeweza kusema mimi ndiye ninayemwonea wivu zaidi, na hapo pia asingekosea. Hakuna anayemtazama mtu kwa makini kama mwenye wivu naye.

Kijarida hiki kitasomwa pia na jamaa zake, ambao kwa miaka yote hii wamekuwa wakiwaambia majirani kwamba anafanya kazi "ya mambo ya karatasi". Basi nieleze kidogo. Hataza ni hati anayopewa mvumbuzi ili kwa miaka kadhaa mtu mwingine asitengeneze kitu chake bila ruhusa yake. Kabla ya kuitoa, mkaguzi hujiuliza maswali matatu. Kitu hiki ni kipya? Je, fundi yeyote wa kawaida asingekifikia bila kuumiza kichwa? Kina manufaa? Swali la kwanza ndilo linaloliza watu. Kwa sheria yetu, kitu kikishajulikana hadharani kabla ya ombi kupokelewa, si kipya tena, hata kama aliyekitangaza ni mvumbuzi mwenyewe. Wengi wamejinyang'anya haki yao kwa majigambo ya alasiri moja.

Jina la Bi Chungulia alipewa na wahudumu wa chai. Mstaafu wetu hawezi kukutana na kitu bila kutazama chini yake. Birika jipya likiletwa, huliinua. Akipewa kiti, hukipindua kwanza, hukagua skrubu, ndipo huketi. Mume wake, mwalimu wa hisabati aliyestaafu zamani, aliwahi kutusimulia kwamba siku alipompelekea saa ya ukutani kama zawadi ya ndoa, bibi harusi aliigeuza, akafungua mgongo wake, akasema, "Hii tumeshaiona." Mwalimu anasema alijua siku hiyo hiyo kwamba ameoa ofisi.

Alianzia dirisha la chini, pale maombi yanapopokelewa na kugongwa muhuri wa siku na saa. Kutoka hapo alipanda hadi chumba cha ukaguzi wa mitambo, akapewa meza ya dirishani. Meza hiyo hupata upepo asubuhi na kivuli mchana, na mimi nimeiangalia miaka yote hiyo nikiwa upande wa kabati. Lakini meza ni jambo dogo. Kinachouma ni rufaa. Waliokataliwa na Bi Chungulia walipokata rufaa, majalada yalirudi kama yalivyokwenda, uamuzi wake haujaguswa hata nukta. Majalada ya sisi wengine yalirudi yamejaa wino mwekundu. Tena kuna watu aliowanyima hataza wakarudi kumshukuru! Mimi nimewapa watu hataza, na hawakunisalimia kwenye ngazi.

Katika maombi yote aliyokagua, nitasimulia moja tu, la ubao wa kukimbilia. Jalada lile nililitaka mimi. Liliwekwa mezani kwake.

Mwombaji alikuwa fundi wa kutengeneza mashine za mazoezi, kijana mpole mwenye mikono mikubwa. Sote tunaijua mashine ya kukimbilia: mkanda unazunguka, mtu anakimbia, jasho linamtoka, na hafiki popote. Chini ya mkanda ule kuna ubao unaopokea kishindo cha kila hatua. Ubao ukiwa mgumu, magoti yanalia. Ukiwa laini mno, mguu unazama kama kwenye godoro na mtu anachoka kabla ya wakati. Fundi alikuwa na mama mkwe mwenye magoti mabovu, ambaye daktari alimwamuru atembee kila siku. Akamtengenezea mashine yake. Ubao aliulaza juu ya vipande vya mbao vilivyopinda, mfano wa chaga za kitanda. Mbele, kisigino kinapotua, chaga ziliachana ili ubao unesenese. Nyuma, mguu unapojisukuma, zilibanana ili ubao uwe imara. Jambo lenyewe ni hilo tu. Ukishaambiwa unasema, "Aa, kumbe!" Lakini hakuna aliyekuwa amelisema.

Mama mkwe akapona kiasi cha kwenda sokoni kwa miguu, na akawa hana wimbo mwingine ila mkwe wake mdogo. Hapo ndipo shida ilipoanza, kwa sababu alikuwa na mkwe mkubwa pia. Huyu alimwoa dada wa mke wa Fundi, na alikuwa na karakana kubwa ya vyuma inayouza vifaa vya mazoezi mji mzima. Humu nitamwita Shemeji, kama Fundi alivyomwita. Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akisifiwa sebuleni mle. Sasa akienda kumsalimu mama mkwe, anaonyeshwa mashine ya mwenzake.

Niwakumbushe wasomaji vijana tofauti ya maneno mawili. Wivu ni kutamani ulicho nacho niwe nacho na mimi. Husuda ni kutamani usiwe nacho, hata kama mimi sitakipata. Shemeji alianza na la kwanza, akaishia kwenye la pili. Fundi alipowasilisha ombi lake, Shemeji akaleta pingamizi. Alidai kwamba mashine ilikaa sebuleni kwa mama mkwe miezi kadhaa kabla ya ombi, wageni wakiipanda na kushuka, na kwamba yeye mwenyewe aliinama akaona kila kilichokuwa chini ya ubao. Kwa hiyo si siri, si kipya, na hataza isitolewe.

Pingamizi lilikuwa na meno. Fundi alikuwa ameshaacha kazi ya mshahara ili afungue karakana yake. Akikosa hataza, Shemeji mwenye mitambo na wafanyakazi angezitoa mashine zile kwa wingi kabla Fundi hajapata hata mlango wa kukodi. Kilichobaki ni swali moja: je, aliyepita sebuleni pale angeweza kujua chini kuna nini?

Kikao kilifanyika chumbani mwetu. Mama mkwe aliitwa shahidi. Alieleza kwamba mashine ile aliizungushia kitambaa alichokishona mwenyewe mpaka sakafuni, kwa sababu hapendi kuona vyuma mbele ya wageni. Alipoulizwa kama mkwe wake mkubwa aliwahi kuinama na kuchungulia, alimtazama Shemeji, akasema, "Huyu? Tangu aoe binti yangu sijamwona akiinama hata kuokota kijiko."

Shemeji akapanda sauti. "Mama, niliinama! Ulikuwa jikoni."

"Na mgongo ulikuwaje baada ya hapo, baba?"

Watu walicheka. Mimi hapo ningewatuma wote nyumbani, niandike uamuzi wa kurasa nyingi kuhusu maana ya neno "hadharani", na rufaa ingeurudisha ukiwa mwekundu. Bi Chungulia alifungua droo, akatoa karatasi nyeupe na penseli, akavisogeza mbele ya Shemeji.

"Baba, umesema uliona. Tuchoree ulichokiona."

Nimewaza sana kwa nini wazo hilo halikunijia mimi, na sijapata jibu linalonifurahisha. Shahidi mwingine angechora mistari miwili, akasingizia kusahau. Lakini Bi Chungulia alikuwa amemsoma mtu wake. Fundi yeyote mwenye wivu, ukimpa penseli achore kazi ya mpinzani wake, hawezi kuuacha mkono uchore kibaya anachokidharau. Lazima akirekebishe.

Shemeji alianza taratibu, kisha akakolea. Aliomba rula. Alitoa ncha ya ulimi pembeni mwa mdomo kama mtoto wa shule. Alitia vivuli. Alipomaliza aliisukuma karatasi katikati ya meza, uso umemng'aa, akasema, "Haya. Hivi ndivyo unavyokuwa ukitengenezwa na mtu anayejua kazi."

Fundi aliinamia mchoro. "Shemeji, hizi ni nini?"

"Mipira. Inabeba ubao."

"Mimi sina mipira. Na hii?"

"Skrubu! Kila mpira na skrubu yake chini. Mtu mzito unakaza, mtu mwepesi unalegeza. Wewe hukuweka?"

"Mimi sina skrubu."

Chumba kizima kililipuka. Mama mkwe alijifuta machozi kwa ncha ya khanga. Pingamizi lilikufa pale pale, kwa mkono wa mwenyewe: asingekuwa na haja ya kubuni kama kweli angekuwa ameona. Shemeji aligundua alichokifanya, rangi ikamtoka.

Hapa ndipo ninapomwonea Bi Chungulia wivu ambao miaka haijaupoza. Sisi tulikuwa tunacheka. Yeye alikuwa anautazama mchoro. Alinyoosha mkono, akaigeuza karatasi kifudifudi, na kelele zikazima.

Kisha akamweleza Shemeji kwa upole, neno baada ya neno. Karatasi hii ikiingia kwenye jalada la pingamizi, itafunguliwa kwa umma, na yeyote atakayelipia ada ya kusoma ataiona. Skrubu zako, baba, hazimo katika kitu chochote nilichowahi kukagua. Jalada likishafunguliwa, zitakuwa za kila mtu, na wewe mwenyewe utakuwa umejinyima. Waliomo humu wamefungwa na kiapo cha kutunza siri, isipokuwa wanafamilia. Akamgeukia Fundi na mama mkwe. "Na nyinyi hamjaona kitu. Au mmeona?"

Mama mkwe alisema macho yake hayaoni karibu. Fundi aliukodolea macho mgongo wa karatasi. Niliutazama uso wake, maana naujua ugonjwa huo. Skrubu zile zilikuwa ndicho kitu pekee kilichopungua kwenye ubao wake. Mama mkwe alikuwa mwepesi, kwa hiyo Fundi hakuwahi kuwaza juu ya mtu mzito. Sasa alizitamani, na zilikuwa za mtu aliyekuja kumzika. Neno moja la hasira kwamba ameona, na karatasi ile ingebaki mezani na kuingia jaladani. Wivu ulikuwa umehama kiti.

"Sijaona kitu," alisema mwishowe. "Ila Shemeji, andika vizuri hapo kwenye skrubu. Usije ukaikosea."

Shemeji akaliondoa pingamizi lake, akaichukua karatasi, akashuka ngazi hadi dirisha la chini kabla ya muda wa kufunga. Nadhani hiyo ndiyo mara ya kwanza alipokimbia bila mkanda. Baadaye mkuu wa idara wa wakati huo alimwita Bi Chungulia na kumuuliza kama haikuwa kumpendelea mtu aliyekuja na uongo. Alijibu kwamba alimweleza Shemeji sheria ile ile aliyomweleza Fundi, na ambayo angemweleza mkuu mwenyewe. "Sheria haina shemeji," alisema. Maneno hayo yalibandikwa ubaoni kwetu kwa miaka, na wengi wakidhani ni methali ya wahenga.

Fundi alipata hataza ya chaga. Shemeji, baada ya ukaguzi uliofanywa na mkaguzi mwingine kwa ombi la Bi Chungulia mwenyewe, alipata ya skrubu. Kisha wakagundua jambo ambalo sheria yetu hulifanya bila makusudi. Mashine nzuri kuliko zote inahitaji chaga za mmoja na skrubu za mwingine, na hakuna anayeweza kuitengeneza bila ruhusa ya mwenzake. Dada wawili, wake zao, waliwaketisha meza moja. Leo wana karakana moja yenye milango miwili, na kila mmoja humwambia mteja kwamba sehemu muhimu ni yake.

Mkaguzi haruhusiwi kupokea zawadi, na Bi Chungulia hakupokea hata soda yao. Lakini wamealikwa ukumbini siku ya kumuaga. Fundi atasema machache, kisha Shemeji. Shemeji ameshapiga simu kuuliza kwa nini yeye ni wa pili. Tumemjibu kwamba ratiba aliipanga mama mkwe.

Ama meza ya dirishani, maombi matano yameshafika kwa mkuu, na moja lina mwandiko wangu. Nikiipata nitakaa pale penye upepo, na najua nitakachokiona: jalada, penseli, na mtu mwenye shida mbele yangu, na mimi nisijue nimpe kipi kwanza. Meza haitanipa jicho lake. Hilo anaondoka nalo, na kuanzia mwezi ujao litakuwa likichungulia chini ya vikombe vya mwalimu wa hisabati kila asubuhi. Mwalimu, umeingojea ofisi hii miaka thelathini na mmoja ikurudishie mkeo. Tunakuonea wivu.

Bi Chungulia, ahsante kwa penseli, na kwa karatasi uliyoigeuza wakati sisi tunacheka. Tunakuombea siku zilizo mpya kweli, ambazo hakuna aliyeziwaza kabla yako, na zenye manufaa kwako mwenyewe kwanza. Magoti yako yadumu. Ukifika mlangoni siku ya mwisho, usigeuke kuinua zulia la kukanyagia. Tumeshakuwekea kitu chini yake, Mwalimu atakibeba, na tunataka ukione jioni, ukiwa umeshaketi nyumbani kwako, Mwalimu akikufungulia.