Kikombe cha Mahlon

Asubuhi baada ya mazishi ya Saloma tulitakiwa kupakia mabenchi ya kanisa kwenye mkokoteni, yapelekwe nyumba itakayokuwa na ibada Jumapili, maana kwetu ibada huzunguka nyumba kwa nyumba. Tukapakia yote, tukabakiza moja tukalikalia, maana birika lilikuwa bado na kahawa na hakuna aliyekuwa na moyo wa kuondoka. Tulikuwa wanne: Roman Kwato, anayewapigilia farasi viatu, Atlee Redio, hajawahi kumiliki redio, maana kwetu redio, umeme na magari ni mwiko, ila habari zote anazo, mimi, na mfiwa mwenyewe, Abner, mume wa Saloma, kofia magotini. Ng'ambo ya ua ilisimama pikapu ya mwanawe, Mahlon, tangu jana. Mahlon alibatizwa kwetu, kisha akaliacha kanisa, akatengwa. Mwaka wa kumi na nne huu hatuli naye meza moja wala hatupokei kitu mkononi mwake.

— Huyu mbona haondoki? — Kwato akauliza.

— Anangoja shamba, — akasema Redio. — Si ndiye kitindamimba, na kwetu shamba hurithi wa mwisho?

— Acha hizo! Mtu wa kiyoyozi ataamka saa kumi alfajiri kukamua?

— Basi anataka kutubu. Jumapili atapiga magoti mbele ya kanisa, utaniambia.

— Na jinzi ile?

— Jinzi inavuliwa, Kwato.

— Haya, na asipotubu?

— Basi kaja kupiga picha. Kaburi la Saloma litauzwa kwa watalii kwenye kadi za posta!

— We Redio nawe! Ukikosa habari unazipika.

— Au atamfukua mama yake usiku, akamzike mjini kwenye jiwe kubwa lenye jina.

Nilicheka. Abner hakucheka, nami nikajutia kicheko changu.

Redio akainamisha birika, yakatoka matone mawili. Hapo mlango wa pikapu ukafunguka. Mahlon akaja na kikombe kimoja, kahawa ya chupa yake, ikifuka moshi. Akasimama mbele ya baba yake, lakini hakumnyooshea. Sheria anaijua.

— Shamba sitaki, wazee wangu. Mna sauti kubwa, nimewasikia. Nina swali moja, halafu niende. Mama kaugua wiki tatu. Simu yenu ya pamoja iko kwenye kibanda kile pale barabarani, na namba yangu kaiandika ukutani kwa mkono wake. Kwa nini hamkuniita akiwa hai?

Redio akainamisha birika tena, halikutoa hata tone. Kwato akaangalia buti zake. Mimi nilipita mbele ya kibanda kile mara mbili kila siku, nikijiambia kumwita ni kazi ya baba yake. Baba yake, nadhani, alijiambia ni kazi ya askofu. Na kila tulipoingia chumbani Saloma aliuliza, "Mahlon amefika?" Tulimjibu yuko njiani. Naona aibu kusema haya, lakini ndivyo tulivyomjibu.

Mahlon alingoja. Kisha akakiweka kikombe kwenye benchi, kando ya baba yake, kama tunavyotaka watengwa wafanye, akaenda zake.

Abner hakukigusa mpaka pikapu ilipopotea nyuma ya kilima. Ndipo akainywa kahawa yote, imeshapoa.

— Ile namba ukutani, — akaniuliza, — bado inasomeka?

— Inasomeka.

Akashika upande wake wa benchi, nami nikashika wangu.