Mikono Iliyosubiri Kuitikiwa

Upepo wa Julai Sumbawanga hauna adabu, unakufuata mpaka ndani ya koti. Hata hivyo benchi la nje ya mashine ya kusaga lilijaa mapema, maana jana jioni watu walibanana kwenye kibanda cha video kuangalia filamu ya Benjamini, kijana wao anayecheza mpira Ulaya, na walitoka wamenuna. Modesti, kaka yake Benjamini, alishika kikombe cha kahawa bila kunywa. Mama yao miguu haimbebi tena, kwa hiyo alimtuma Modesti akaangalie, amletee jibu la Benjamini. Jibu halikuwepo. Alitoka nyumbani alfajiri mama akiwa bado amelala, na hapo benchini alikuwa anajificha tu.

— Filamu nzima hakuna hata goli moja! — alifoka Calvin wa bodaboda, ambaye wenzake humwita Kona. — Ukungu, kiatu, ukungu, kisogo cha Beni. Mimi nilienda kuangalia mpira, siyo kisogo!

— Hujui sanaa wewe, — alisema Loth, anayeitwa Profesa kwa sababu ya miwani tu.

— Sanaa gani? Na ile mikono ya kizee je? Inapiga makofi taratibu, halafu inalala mapajani, kimya, mpaka watu tukapiga miluzi. Nikajua mashine imeganda.

— Ile ni lugha ya picha. Mikono ikitulia, ujue ni muda wa nyongeza.

— Acheni hizo, — alidakia Albina, muuza kahawa. — Mtu anafukuza kuku pale.

— Kuku wapi, dada! — Kona alimkatiza. — Mganga yule. Anamfunga kipa. Unadhani Beni hakosi penalti kwa nini?

— Hapo umenena, Kona! — alidakia mwingine. — Na akitulia, anasikilizia kama dawa imekubali.

— Wazungu wameishtukia hiyo dawa, wakaja na kamera waibebe, — Kona alimalizia.

Walicheka. Modesti alitamani kuwamwagia ile kahawa. Siku watu wa filamu walipokuja kwao, walimwambia mama kwamba Benjamini atamwona kupitia ile kamera. Mama akafunga kitenge kipya, akainama kwenye kigoda chake, akapiga makofi ya salamu kama wazee wa Kifipa wanavyosalimiana. Kisha akangoja aitikiwe, kwa sababu huanzi kumpa mtu maneno yako kabla hajakuitikia. Watu wa filamu wakaufurahia ule ukimya, wakasogeza kamera kwenye mikono yake, uso wakauacha. Mama alingoja mpaka jua likaondoka uani. Alichotaka kumwambia mwanawe hajakisema hadi leo. Iliuma, na kuwasikia hawa wakicheka kuliuma zaidi.

Mwanamke aliyekuwa akisubiri unga wake, Angela wa kijiji cha Milepa, alikaa pembeni ya benchi akisikiliza.

— Samahanini, kaka zangu. Mimi hiyo filamu sijaiona. Lakini huyo mwenye mikono si anasalimia?

— Anasalimia? — Kona aliduwaa.

— Makofi ya taratibu, halafu anatulia. Si anasalimia huyo? Sasa nani alimwitikia?

Profesa alivua miwani akaanza kuifuta. Albina aliinamisha birika, yakatoka machicha matupu.

— Modesti, — Kona alisema, sauti imemshuka. — Ile siyo mikono ya mama yako?

— Ni ya mama.

— Mungu wangu. Na sisi tulipiga miluzi.

— Mlipiga.

— Sasa utaenda kumwambia nini?

Modesti aliweka kikombe chini, kahawa imeshapoa.

— Sijui. Nikifika mlangoni tu, atapiga makofi. Nikiitikia, atajua ni mimi tu, siyo Beni.

Aliinuka, akaitazama njia ya kwao, akakaa tena.