Gari Yenye Kung'aa Inaita Macho

ADELINE: Haloo? Haloo, baba mudogo?

KATSUVA: Haloo. Ni nani huyu anaita muzee kabla chai haijapoa?

ADELINE: Ni miye, Adeline. Adeline wa Mbunya.

KATSUVA: Ah, mama yangu. Niko na Adeline moja tu mu dunia, si lazima unitajie na commune unayokaa. Mumeamuka?

ADELINE: Tumeamuka. Weye je?

KATSUVA: Muzee haamuke, mama. Muzee anaacha tu kulala. Batoto?

ADELINE: Bako. Sikia, inite yangu ya simu ni kidogo. Mama Emérance iko hapa mulangoni, amekuja kununua mashine yangu ya kushona. Amekuja na mutu wa pusupusu, na kigari yake ya kusukuma, wa kuibeba. Sasa, kabla bainyanyue, nilitaka —

KATSUVA: Baache bainyanyue.

ADELINE: Ngoja nimalize.

KATSUVA: Siku hizi mutu akikuja kununua kitu, unamufungulia mulango mbili. Baache bainyanyue kabla roho yake haijageuka.

ADELINE: Baba mudogo, nikishauza, franga zote zinaenda kwa patron Élisée, kwa ile formasyo yake ya kujifunza kusafisha magari. Habaki kitu mu mukono. Njo maana nataka uniambie tena ile habari uliyotuambia siku ya Mungu, ya ule mutu wa Irumu. Polepole. Na bila kucheka.

KATSUVA: Sikucheka.

ADELINE: Ulicheka ku mwisho.

KATSUVA: Nilikohoa. Adeline, ile habari ni kweli tupu, tangu kichwa mpaka mukia. Haki ya Mungu. Kama kuna neno moja ya uwongo ndani, uje kwangu hapa Nyakasanza, ukamate jogoo yangu, ile nyekundu, umukule na mifupa.

ADELINE: Mama Emérance amesikia. Simu iko na sauti wazi.

KATSUVA: Asikie. Kweli haiogope masikio.

ADELINE: Basi sema.

KATSUVA: Ule mutu jina yake sitaje, sababu leo amekuwa mukubwa. Alilipa, akafundishwa. Si kama bale vijana ba ku muto, ndoo na kitambaa. Hapana. Kutoa siti zote, kunyonya vumbi na mashine, kufua tapi za chini ya miguu, kupaka nta juu ya rangi na kusugua, kusugua, mpaka gari inakuwa kioo. Gari ya kwanza aliyosugua, kuku zilipita karibu, zikaona kuku zingine mu mulango ya gari, zikaanza kupigana nazo.

ADELINE: Kuku.

KATSUVA: Mpaka jioni. Padri alipita, akasimama pale kutengeneza kola. Mwenye gari mwenyewe alitoka, akatafuta gari yake, akaikosa. Pale ilikuwa, yeye aliona tu njia, na miti, na muzee moja wa tumbo kubwa anamuangalia. Alienda polisi kusema bamemuibia.

ADELINE: Na akamulipa?

KATSUVA: Alimupa kiwanja nzima. Leo ule mutu iko na nyumba ya mabati, na mabati pia anayasugua. Ndege moja ilibakia kidogo ishuke pale juu, rubani alizania —

ADELINE: Mama Emérance anauliza kama ndani ya nyumba mulikuwa batu.

KATSUVA: Umuambie yeye amekuja juu ya mashine.

[rezo ya simu inakwaruza, kitu kinanguruma]

ADELINE: Haloo? Ni nini inalia hivyo kwako?

KATSUVA: Mulen. Jirani anasaga muhogo.

ADELINE: Mulen ya jirani yako ilikufa tangu Paska.

KATSUVA: Basi ni mvua.

ADELINE: Mvua gani? Huku jua inachoma. Kutoka hapa mpaka kwako bugali haijaiva mutu amefika.

KATSUVA: Weye, mvua ya Bunia inajua mipaka ya commune. Nilishaona ng'ombe hapa amesimama, upande ya kichwa imelowa, upande ya mukia iko kavu. Bakakamua maziwa, ikatoka —

ADELINE: Baba mudogo. Ile mashine ni ya Dany.

KATSUVA: Najua.

ADELINE: Mutoto yangu mukubwa aliileta ku bega. Alipata dhahabu yake ya kwanza, hakujinunulia ata shati, alinunua mashine. Akaiweka chini, akakula, akarudi kule mu mashimo kuchimba.

KATSUVA: Anapigaka simu?

ADELINE: Rezo ya kule —

KATSUVA: Ee. Rezo ya kule ni mubaya.

ADELINE: Ni mubaya sana.

KATSUVA: Ee.

ADELINE: Njo maana sitaki iende bure. Ikienda, iniachie kazi. Kushona kumekufa, unajua. Batu bananunua mitumba. Bale ba vijijini balioleta uniforme ya batoto habapite tena njia, sababu ya batu ba bunduki. Siku hizi naziba tu matundu ya chandarua za majirani. Kwa hiyo nijibu kitu moja. Nikishajifunza, magari ya kusafisha yatatoka wapi?

KATSUVA: Bafanyabiashara bako.

ADELINE: Gani?

KATSUVA: Bale ba jeep. Ba njia ya Komanda. Ba Mongbwalu. Batu ba mali, mama, banapenda kitu safi.

ADELINE: Bale ba njia ya Komanda?

KATSUVA: Bale bale.

ADELINE: Unakumbuka Butembo, wakati ulikuwa shofa wa loli? Ukitaka kutoka asubuhi, nani alikuwa anaamushwa wa kwanza?

KATSUVA: Nyumba ilikuwa na batoto mingi —

ADELINE: Ni miye. Na beseni ya matope. Nilipaka plake ya namba. Nilipaka mataa. Nilipaka milango mpaka mikono inaganda. Nikiacha pahali pasafi, ata kama kiganja, ulinirudisha. Ulisema nini?

KATSUVA: Nilisema mambo mingi mu maisha yangu, mama.

ADELINE: Ulisema gari yenye kung'aa inaita macho. Ku bariere, baaskari banaona mufuko ya franga inatembea. Na bale ba bunduki mule mu pori banaona zaidi. Ulisema tope njo nguo ya gari, haiachwe itoke uchi.

KATSUVA: Na nilirudi kila safari.

ADELINE: Ulirudi kila safari. Na jana, hapa hapa Mbunya, niliona shofa wa jirani anamwaga maji mu vumbi ili apate tope ya kupaka jeep yake. Jua yote hii, anatafuta tope. Sasa ni nani kati yabo atalipa ili gari yake ing'ae?

KATSUVA: Adeline, dunia inageuka —

[kitu kinanguruma tena, karibu zaidi]

ADELINE: Huyo anaita «sentineli, fungua maji» ni nani?

KATSUVA: Ni batu tu banapita.

ADELINE: Baba mudogo, uko wapi?

KATSUVA: Niko hapa.

ADELINE: Hapa wapi?

KATSUVA: Hapa kwangu, karibu na... hapa ku kona, unapita kanisa, unaona ukuta ya buluu —

ADELINE: Ukuta ya buluu ni ya patron Élisée.

[maji yanatiririka]

ADELINE: Ile mashine inayolia ni pompe yake ya maji.

KATSUVA: Ni pompe.

ADELINE: Na sentineli ni weye.

KATSUVA: Alihitaji mulinzi. Alinipa bote za mvua. Na kofia.

ADELINE: Bote na kofia.

KATSUVA: Kazi itakuwa ya kweli, ya mushahara, kama namuletea banafunzi.

ADELINE: Na pension yako?

KATSUVA: Dosie iko Kinshasa.

ADELINE: Tangu wakati gani?

KATSUVA: Iko Kinshasa, mama.

ADELINE: Sawa. Nijibu bila kuku na bila ndege. Leo kuna gari ngapi mule?

KATSUVA: Iko moja.

ADELINE: Ya nani?

KATSUVA: Ya patron mwenyewe. Banafunzi banajifunzia ile.

ADELINE: Kila siku?

KATSUVA: Kila siku banaisugua. Ilikuwaka nyekundu. Sasa ku mulango ya kushoto rangi imeisha, chuma inaonekana. Kama banaendelea hivi, mwisho ya mwaka tutabaki na volani tu ya kuzungusha.

ADELINE: Mama Emérance anacheka. Miye sicheke.

KATSUVA: Na miye sicheke.

ADELINE: Bale balimaliza, bakapata karatasi ya brevet, bako wapi?

KATSUVA: Moja anaosha mapikipiki ku muto. Na ndoo.

ADELINE: Na bengine?

KATSUVA: Mwengine alizunguka muji nzima na brevet mu nailoni. Akarudi huku. Sasa anafundisha.

ADELINE: Na uliniambia niache bainyanyue.

KATSUVA: Nilikuambia.

ADELINE: Mashine ya Dany.

KATSUVA: Ee.

ADELINE: Ngoja. [kwa mbali] Hapana, mama, muishushe. Muiweke chini. Ndiyo, pole, pale pale. [karibu] Baba mudogo, Mama Emérance anasema haiko na neno, mashine si yake. Lakini mutu wa pusupusu lazima apate kitu ya safari yake. Banapita kwako kuchukua jogoo.

KATSUVA: Sasa hivi?

ADELINE: Bamekwisha kugeuza pusupusu. Uliapa.

KATSUVA: Adeline. Ile jogoo...

ADELINE: Imefanya nini?

KATSUVA: Ilisafiri.

ADELINE: Kwenda wapi?

KATSUVA: Mu sufuria. Tangu Noeli.

ADELINE: Uliapia jogoo uliyokwisha kula?

KATSUVA: Niliapia roho yake. Roho haichemuke.

ADELINE: Basi mutu wa pusupusu atapita pale kwa patron achukue bote.

KATSUVA: Ni bote za kazi, mama. Nikiondoka hapa bila bote, patron atauliza.

ADELINE: Utamuambia zilisafiri.

KATSUVA: Batafika hapa saa ngapi?

ADELINE: Nasikia pusupusu bado inalia mu njia. Kitambo kidogo.

KATSUVA: Ngoja niweke simu ku bega. Hii ya kushoto imetoka. Hii ingine inakataa... inajua kushika kazi kuliko miye... haya, imekubali. Naziacha ku mulango. Na kofia juu yake.

ADELINE: Kofia baki nayo.

KATSUVA: Kofia bila bote ni ya nini? Nionekane kama pasta wa kubatiza mu muto? Iende yote.

ADELINE: Aksanti.

KATSUVA: Niko miguu mitupu mu maji ya sabuni. Angalau yenyewe itang'aa. Na mashine?

ADELINE: Inarudi ku kona yake. Haina kitambaa, haina batu. Lakini inarudi.

KATSUVA: Na mutakula nini?

ADELINE: Na weye utafanya nini?

[rezo inakwaruza]

KATSUVA: Haloo?

ADELINE: Niko. Inite inaanza kulia. Baba mudogo, nataka uniapie kitu moja tena.

KATSUVA: Gani, mama?

ADELINE: Dany anarudi. Sema hivyo. Sema vile ulisema ya ndege, sitauliza kama mulikuwa batu ndani ya nyumba.

[pompe inazimika]

KATSUVA: Adeline.

ADELINE: Sema tu.

KATSUVA: Jogoo nilikula. Bote nimevua. Sina tena kitu ya kuapia.

ADELINE: Ee.

KATSUVA: Mutoto yangu —

ADELINE: Ee, nimesikia. Rudi sasa nyumbani. Upite pembeni, mu katikati ya njia kuna vipande vya chupa. Na kabla ufike, upitie kwanza huku, chai iko, sukari tu njo haik— [inite inaisha, simu inakatika]