Nakala Mbili za Tarishi Konokono

Benchi letu ni kiti cha mbao cha behewa la daraja la tatu. Kilifikaje kwenye kona hii ya barabara ya kwenda Kitete, hapa Tabora, hatuulizani, maana wapo watu wazima watakaoona haya. Mbele yake ni meza ya Ngollo, fundi saa, ambaye siku hizi anabadilisha betri tu na kuzilaani simu. Pembeni anakaa Zabibu na birika lake la kahawa ya tangawizi. Mimi nakaa mwisho, upande wenye msumari. Jumanne iliyopita, saa tisa alasiri, Ngollo aliondoa saa zote mezani, akapangusa vumbi kwa pindo la shati, akaweka vitabu viwili vya katuni vyenye jalada moja: Tarishi Konokono, toleo la tisa. Kimoja kisafi. Kingine kimechakaa, na juu ya uso wa tarishi kimepigwa sahihi ya mchoraji mwenyewe. Saa kumi na moja angepita Consolatha, binti wa Anselm, rafiki wa Ngollo tuliyemzika Dodoma mwezi wa sita. Alikuwa njiani kwenda Usoke kwa bibi yake, na alipiga simu kusema angechukua kile kitabu cha baba. Hakusema kipi.

Kwa wale wasiomjua: Tarishi Konokono alikuwa mtu wa kaptula pana aliyetumwa kupeleka barua moja tangu toleo la kwanza, na hakuwahi kuifikisha. Vitabu vyake vilikuja na treni ya kutoka Dar, vikichelewa wiki, wakati mwingine mwezi. Nakala moja ilisomwa na mtaa mzima. Nasema hivi kwa uchungu kidogo, maana sasa kila mtu ana picha elfu mfukoni na hakuna anayemngoja mwenzake amalize ukurasa.

Ngollo: Nimeamua. Binti apewe hiki kisafi.

Fikiri: Mzee, subiri kwanza. Usifanye mambo kienyeji.

Huyu Fikiri tunamwita Mtandao. Ana miaka thelathini na kitu, anauza vocha, na yumo kwenye kundi la simu la watu wanaokusanya vitabu vya katuni vya zamani. Toka ajiunge, tumekoma.

Fikiri: Kwenye kundi letu kuna kanuni. Cha kwanza kinachotazamwa ni hali. Pini zina kutu? Kona zimekunjika? Kurasa zimegeuka rangi? Hali ndiyo kila kitu. Sahihi inakuja baadaye, na wengine wanaiita uchafu.

Zabibu: Jina la mtu ni uchafu?

Fikiri: Kama halina ushahidi, dada, ni wino tu.

Masolwa: Nipeni hapa. Hii kazi ya watu.

Masolwa tunamwita Mteuzi. Alikuwa mteuzi wa tumbaku Urambo miaka ishirini na sita. Mkulima aliweka mzigo mezani, yeye akashika jani, akalinusa, akataja daraja, na mkulima akaenda nyumbani akicheka au akilia. Amestaafu, lakini vidole havijui. Hata maandazi ya Zabibu anayapa daraja kabla ya kuyala.

Alikichukua kile kisafi, akakipitisha chini ya pua, akafumba macho.

Masolwa: Daraja la kwanza. Rangi ya limau lililoiva, mguso laini, hakina unyevu.

Fikiri: Ina maana karatasi imegeuka njano, mzee. Hiyo ni kasoro.

Masolwa: Kasoro kwako. Jani la kijani nani ananunua?

Ngollo: Unajua imegeukaje njano? Wewe ndiye uliyenishauri!

Hapo Masolwa alitazama upande wa pili wa barabara. Ni kweli. Mwaka tisini na moja mchwa walikula sanduku zima la nguo nyumbani kwa Ngollo. Mteuzi akamwambia mchwa hawathubutu kugusa tumbaku, kiweke kitabu kwenye bani la kaka yako la kukaushia tumbaku, Urambo, katikati ya majani makavu. Ngollo akakifunga nailoni, akakipeleka. Kilikaa humo misimu miwili. Mchwa kweli hawakukigusa, ila mpaka leo ukikifungua mfuko unatamani kukohoa.

Masolwa: Kilipona au hakikupona?

Ngollo: Kilipona.

Masolwa: Basi nishukuru. Hiki kingine sasa... hiki kina mvua ya mawe, kama jani lililopigwa shambani. Kimetoboka.

Ngollo: Ni kalamu. Mfaume alikandamiza.

Masolwa: Tundu ni tundu. Mimi sikuwa nauliza limetobolewa na nani.

Tukaanza upya habari ya Mfaume, ingawa kila mmoja wetu anaijua. Mfaume ndiye aliyekuwa akimchora Tarishi. Mwaka themanini na nane alikuwa kwenye treni akienda Kigoma, na hapa Tabora ndipo mabehewa ya Mwanza yanapokatwa na treni husimama, kwa hiyo alishuka kunyoosha miguu. Anselm na Ngollo wakamtambua kwa picha iliyokuwa nyuma ya kitabu. Anselm alibaki naye akizungumza. Ngollo, kwa adabu zake, akasema mgeni hawezi kupita Tabora bila asali, akakimbia mjini. Mwenye asali akasema ngoja niichuje. Ngollo akangoja ichujwe.

Zabibu: Ungemchukulia na masega yake.

Ngollo: Miaka yote hii nimewaza hivyo hivyo.

Aliporudi na chupa kwapani, treni ilikuwa imeshaondoka. Kwenye jalada paliandikwa: Kwa Anselm, msomaji wa kweli. Mfaume. Jina la Ngollo halikuwepo. Anselm alipohamia Dodoma kutafuta kazi alimwachia rafiki yake kitabu kile, akasema nitunzie. Kile kisafi Ngollo alikinunua mwenyewe baadaye, kiwe chake peke yake, na hajawahi hata kukifungua.

Fikiri: Sasa sikiliza hesabu za kundi. Sahihi yenye jina la mtu mwingine inapunguza thamani. Anayenunua anataka sahihi tupu, siyo barua ya watu.

Zabibu: Nani kasema anauza?

Fikiri: Naelezea kanuni, dada. Halafu kuna suala la uhalisi. Tutajuaje ni Mfaume? Huenda alikuwa abiria tu anayefanana naye.

Ngollo: Nilimwona kwa macho yangu!

Fikiri: Ulimwona, ukaenda kwenye asali. Wakati wa kusaini hukuwepo.

Ngollo akavaa kile kioo cha jichoni anachotazamia saa, akainama juu ya sahihi kama vile angemkuta Mfaume bado yumo.

Masolwa: Kuna jambo lingine hamlijui. Zamani wapishi wa treni walikuwa wasanii wakubwa. Mmoja alikuwa anaiga mwandiko wa mtu yeyote. Alisaini hata vyeti vya likizo.

Zabibu: Mpishi wa treni sasa!

Masolwa: Wali wake nimeula. Mtu anayepika wali ule anaweza lolote.

Fikiri: Inapimika. Ulaya kuna mashine. Jasho la mkono linakaa kwenye karatasi, wanalisoma, wanakwambia huyu alikuwa mchoraji, mrefu kiasi fulani, asubuhi alikula mihogo.

Masolwa: Hata mashine haina pua yangu.

Fikiri: Na hiki kisafi je? Hakijafunguliwa tangu kinunuliwe. Utajuaje ndani kimechapwa? Kuna mtu Mwanza alitunza kitabu miaka ishirini, kufungua, kurasa nyeupe. Kiwanda kilikosa wino.

Ngollo: Acha uongo.

Fikiri: Kwenye kundi waliweka picha.

Zabibu: Picha ya kurasa nyeupe?

Tulicheka mpaka mwenye duka la mikeka akatoka kutazama. Zabibu peke yake hakucheka sana. Alimmiminia Ngollo kikombe, akakishikilia kabla ya kumpa.

Zabibu: Fundi, nikuulize. Hiki kisafi unakisifia tangu saa tisa. Kama ndicho bora, mbona ndicho unachotaka kutoa?

Ngollo: Mgeni anapewa kizuri.

Zabibu: Alisema kitabu cha baba yake. Cha baba yake ni hicho kilichochakaa. Kina jina.

Ngollo: Ana miaka ishirini na sita yule, Zabibu. Atakiona takataka. Atakitia kwenye mkoba na sabuni. Mimi huyu... mimi nikikitazama hiki, nasikia sauti ya Anselm. Alikuwa anatusomea hapa hapa. Sauti ya tarishi, sauti ya mwenye nyumba, sauti ya mbwa. Niambie, nikitoa hiki nabaki na nini? Kitabu kinachonuka tumbaku?

Na mimi nilikuwepo enzi hizo, nimebanwa kwenye benchi hili hili nikimsikiliza Anselm, na nitakuwa mwongo nikisema sikuwa upande wa Ngollo. Nilitaka kile kitabu kibaki kijiweni. Nilitaka kibaki kwa sababu nami nazeeka, na wale waliokuwa wakicheka pamoja nami sasa nawahesabu kwa mkono mmoja.

Masolwa akakohoa, akatoa uamuzi wake wa mwisho: kisafi daraja la kwanza, apewe binti, chenye tundu hakina daraja, kibaki hapa. Fikiri akasema kundi nalo lingeamua hivyo hivyo. Ngollo akakifunga kile kisafi kwa gazeti, akakikaza kwa uzi, akakitia kile kingine kwenye mtoto wa meza.

Saa kumi na moja kasoro bodaboda ikasimama. Akashuka dada mrefu, mkoba begani, paji la uso la Anselm lile lile. Ngollo alisimama akaangusha kiti.

Consolatha: Shikamooni.

Tukaitikia marahaba kwa pamoja, isipokuwa Fikiri, aliyejifanya anasoma simu.

Ngollo: Karibu mwanangu. Pole na safari. Bibi hajambo?

Consolatha: Nimeongea naye jana, hajambo. Baba mdogo, sitakaa sana, gari la Urambo, linalopita Usoke, linajaza abiria.

Ngollo: Mzigo wako huu hapa. Kisafi kabisa. Nimekitunza.

Alikipokea kwa mikono miwili. Hakukifungua. Alikaa kwenye benchi, akakiweka magotini, na akatutazama mmoja mmoja kama mtu anayetafuta wa kumuuliza.

Consolatha: Samahani, naomba niulize kitu. Baba alikuwa anacheka ukurasa gani?

Ngollo: Unasemaje, mwanangu?

Consolatha: Mama anasema zamani kitabu hiki kilikuwa kinamchekesha mpaka anakaa chini. Mimi sijawahi kumsikia baba akicheka. Nyumbani alikuwa mtu wa kunyamaza, halafu yakaja maradhi. Nilitaka tu niujue ukurasa huo. Niwe naufungua.

Masolwa akatazama vidole vyake. Fikiri akaizima simu. Alasiri nzima tulikuwa tumepima kona, pini, rangi, tundu na wino, na kati yetu sote hakuna aliyeweza kumtajia ukurasa mmoja. Nilijaribu kukumbuka. Nikakumbuka joto la mabega ya watu, nikakumbuka sauti ya mbwa. Ukurasa sikuukumbuka.

Ngollo alinyoosha mkono, akakichukua kile kifurushi kutoka magotini kwake.

Ngollo: Nimekosea, mwanangu. Hiki hakijawahi kumchekesha mtu.

Akafungua mtoto wa meza, akatoa kile kilichochakaa, akampa. Consolatha akapitisha kidole juu ya jina la baba yake, polepole, mpaka kwenye lile tundu.

Consolatha: Na ukurasa?

Ngollo: Siujui. Ningekudanganya. Alipokuwa akisoma, mimi sikuwa natazama kitabu. Nilikuwa namtazama yeye.

Machozi yalimtoka Ngollo palepale, na hakuyafuta. Zabibu akampa kiti chake. Barabarani utingo alikuwa anaita Urambo, Urambo, wa mwisho wa mwisho, na Consolatha akawa kama hamsikii. Alifungua ukurasa wa kwanza, akaanza kusoma, mwanzo kimyakimya, kisha kwa sauti ya chini, akikwama mahali wino ulipofifia. Tarishi akagonga mlango. Mbwa akatoka. Tarishi akajificha kwenye pipa, na ndani ya pipa akamkuta anayepelekewa barua naye amejificha.

Hapo bega la Consolatha likaanza kutikisika. Hapakuwa na sauti. Akainama, akashika goti la Masolwa bila kujua ni la nani, akapigapiga, akashindwa kuvuta pumzi, halafu sauti ikamtoka moja tu, nyembamba, kama ya mlango unaofungwa. Mtu mzima Masolwa alikunja uso kama aliyechomwa. Nami nikasimama bila kujua nimesimama.

Consolatha alijifuta macho, akauliza kwa haya:

— Ni hapa?

Ngollo: Kama ni hapo sijui, mwanangu. Lakini ndivyo alivyokuwa anacheka.